Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka na Sheria ya Kizuizini

Wasomaji wetu wa Nyakasimbi na wa Karagwe nzima hawahitaji kuonyeshwa Uganda iko upande gani. Wengi wao wana shangazi au wajomba ng'ambo ya Mto Kagera, na wazee wangali wakikumbuka mabomu yaliyoangushwa Bukoba mwezi Septemba 1972, na jeshi lililovuka mpaka mwaka 1978. Leo twapenda kusimulia habari za mtu mmoja wa nchi ile jirani, Bwana Benedicto Kiwanuka, aliyetoweka siku chache tu baada ya mabomu yale ya 1972. Vijana wetu hulisikia jina lake kwa nadra. Nasi twaona maisha yake yafundisha, kuliko kitabu chochote cha sheria, jinsi mswada upitishwavyo na mahali unapoishia.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 huko Kisabwa katika wilaya ya Masaka, nchi ya Buddu, ambako imani Katoliki ilikuwa imekwisha kushika mizizi na ambayo mwaka 1939 ilipata askofu wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu, Mhashamu Yosefu Kiwanuka. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa askari, akapanda hadi cheo cha sajenti-meja. Aliporudi alipata kazi ya ukalimani katika Mahakama Kuu mjini Kampala. Hapo twaomba msomaji asimame kidogo. Mkalimani wa mahakama hasemi neno lake mwenyewe, lakini hakuna aonaye zaidi yake. Yeye ndiye amtazamaye mshtakiwa usoni, akamweleza kwa lugha ya mama yake kwamba amehukumiwa. Katika kiti hicho kijana Kiwanuka aliketi miaka kadhaa, kisha akaazimia kuwa wakili. Alisoma kwanza Basutoland, katika chuo cha Kikatoliki cha Roma, halafu London, na mwaka 1956 akarudi Uganda akiwa mwanasheria kamili.

Mambo ya siasa tutayapita upesi, maana yamekwisha andikwa na wengi. Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa Rais wa chama cha Democratic Party. Mwezi Machi 1961 chama chake kilishinda uchaguzi, ingawa watu wengi wa Buganda waliususia. Julai mwaka huo akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda iliyopata serikali yake ya ndani. Mwezi Aprili akashindwa. Wakuu wa Buganda hawakupendezwa kumwona raia wa kawaida akikaa juu ya Kabaka. Na kwa kuwa wajumbe wa Buganda katika Bunge walichaguliwa na Lukiiko, si na wananchi wenyewe, Bwana Kiwanuka alikosa hata kiti. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Oktoba 1962, mtu aliyeiongoza nchi hadi karibu na mlango wake alikuwa nje ya Bunge. Hakuingia tena.

Jambo hilo la kukosa kiti si dogo, kama litakavyoonekana.

Mwezi Februari 1966 Waziri Mkuu, Bwana Milton Obote, aliamuru mawaziri wake watano wakamatwe wakiwa katika mkutano wa Baraza la Mawaziri. Mmoja wao, Bwana Grace Ibingira, aliwahi kuwa Waziri wa Sheria. Walipeleka shauri lao katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, nao wakashinda, kwa kuwa majaji waliona hapana njia ya halali ya kuwafunga namna ile. Wakaachiliwa, na papo hapo wakakamatwa tena kwa kanuni za hali ya hatari zilizokuwa zikitumika Buganda. Mwaka uliofuata, 1967, Uganda ilipata Katiba mpya, na mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Amani na Usalama wa Umma, iliyoipa Serikali mamlaka ya kumweka mtu kizuizini pasipo kumfikisha mahakamani.

Sheria za namna hii, popote zitungwapo, huja na maneno mazuri. Husemwa kwamba ni za muda. Kwamba nchi ni changa na adui yu karibu. Kwamba asiye na hatia hana la kuogopa. Mbunge atakaye kuuliza huonekana kama rafiki wa wahaini. Lakini kazi ya kamati inayouchambua mswada kabla haujawa sheria ni kuuliza maswali yaleyale yanayoudhi. Ni nani atakayetia sahihi amri ya kukamata? Mtu atakaa ndani siku ngapi kabla ya kuonana na hakimu? Jamaa zake watajulishwa na nani? Amri ikiwa mbaya, ni nani awezaye kuifuta? Maswali manne haya, yakijibiwa kwa maandishi ndani ya sheria, humwokoa mtu ambaye jina lake halijulikani bado. Yakiachwa wazi, hujibiwa baadaye na mwenye bunduki.

Wala tusidhani kwamba twasema habari za Uganda peke yake. Sisi wenyewe tulikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini tangu mwaka 1962, kabla ya kutimiza mwaka mmoja wa Uhuru. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyofanya kazi mwaka 1991 na 1992, ikaitaja sheria hiyo miongoni mwa sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Siku hizi miswada hupelekwa mbele ya Kamati za Bunge huko Dodoma, na wananchi hualikwa kutoa maoni yao. Kutoka Nyakasimbi hadi Dodoma ni mbali, twajua, na mkulima wa kahawa hana nauli ya kwenda kuzungumzia kifungu cha mswada. Lakini mtoto wake akikamatwa, ni kifungu hichohicho kitakachoamua kama ataambiwa alipo, au kama atazunguka toka kituo hata kituo akiuliza.

Tumrudie Bwana Kiwanuka. Mwezi Desemba 1969 Rais Obote alipigwa risasi akajeruhiwa. Vyama vya upinzani vikapigwa marufuku, na kiongozi huyu akawekwa kizuizini kwa sheria ambayo hakupata nafasi ya kuipinga Bungeni. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Bwana Basil Bataringaya, aliyekuwa hapo kwanza mtu wa chama chake Kiwanuka na Kiongozi wa Upinzani, kabla ya kuhamia chama kilichotawala mwishoni mwa 1964. Hatusemi haya ili kumshutumu marehemu, maana naye aliuawa katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Amin. Twasema tu kwamba watu hawa wawili walifahamiana vema, na sheria ile haikujali.

Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin aliipindua Serikali. Baada ya siku chache aliwafungulia wafungwa wa kisiasa, Bwana Kiwanuka akiwamo, pamoja na wale mawaziri watano wa 1966, na watu walishangilia njiani. Katika furaha ile ni wachache waliotazama upande wa pili. Bunge lilikuwa limekwisha simamishwa, na uwezo wote wa kutunga sheria umeshikwa na mtu mmoja. Tangu hapo sheria zilitoka kama amri za kambini, hapana mswada, hapana kamati, hapana wa kuuliza. Mwezi Machi 1971 ilitolewa amri iliyowapa askari wa jeshi uwezo wa kuwakamata raia.

Mwezi Juni mwaka huo Amin alimteua Bwana Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu, Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa Uganda kushika cheo hicho. Wako waliomlaumu kwa kukubali, na lawama hiyo twaielewa, kwa maana mtu wa siasa akipokea joho la ujaji kutoka mkononi mwa mwanajeshi aliyenyakua nchi, hukosi kujiuliza. Hata hivyo, sisi twaona kwamba alipokwisha kuketi kitini, alikaa kama jaji na si kama mtu mwenye deni la fadhila. Kama angetaka kulipa fadhila, nafasi ilikuwapo tele.

Mwezi Agosti 1972 Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, na nchi ikajaa hofu na mikamato. Mwanzoni mwa Septemba askari walimshika Mwingereza mmoja mfanyabiashara wakamweka katika gereza la kijeshi la Makindye. Wakili wake aliomba hati ile ya zamani ambayo mahakama huitumia kumwamuru amshikaye mtu amlete mbele ya jaji na kueleza kwa sheria gani amemshika. Hati hiyo haiulizi kama mfungwa ni mwema au mbaya, wala kama ni mwananchi au mgeni. Huuliza jambo moja tu, yaani sheria iko wapi? Shauri lilisikilizwa na Jaji Mkuu mwenyewe. Jeshi halikuwa na jibu la kuridhisha. Akaona kwamba mtu yule ameshikwa bila ya uhalali, akaamuru aachiliwe.

Msomaji afikiri siku zilivyokuwa. Mfungwa alikuwa mzungu, raia wa taifa ambalo mtawala alikuwa akilitukana kila siku redioni. Jaji angeweza kuahirisha shauri, au kujisingizia ugonjwa. Tena yeye mwenyewe alikwisha kulala kizuizini zaidi ya mwaka, akijua vema mlango wa gereza husikikaje unapofungwa.

Tarehe 17 Septemba wafuasi wa Bwana Obote waliingia Uganda kutoka nchini kwetu, wakashindwa, na ndipo mabomu yalipoangushwa Bukoba. Siku nne baadaye, asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala. Ni jengo lilelile alimokuwa mkalimani miaka zaidi ya 20 iliyopita. Walimkamata Jaji Mkuu, wakamtoa nje mbele ya watumishi wake, wakamtia garini wakaondoka naye. Serikali ilikana kwamba watu hao walikuwa wake. Na hati ile ya kumfikisha mfungwa mahakamani, ni nani sasa angeitoa, na kwa ajili ya nani angethubutu?

Mwaka 1974 Amin, kwa kushindikizwa na kelele za dunia, aliunda tume chini ya Jaji Mohammed Saied ichunguze habari za watu waliopotea. Tume ilifanya kazi yake kwa ushujaa usiotarajiwa, ikaandika habari za watu 308, ikavitaja kwa majina vikosi vilivyohusika. Taarifa yake haikutangazwa, na vikosi vile viliendelea na kazi. Miaka minne baadaye jeshi la utawala uleule liliingia Kagera, na yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa kwa watu wa mkoa wetu. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979.

Tangu mwaka 2018 Mahakama za Uganda humkumbuka Jaji Kiwanuka kila Septemba kwa mhadhara wenye jina lake, nao majaji na mawakili hukusanyika kuusikiliza. Mwili wake haujapatikana. Mkewe, Mama Maxencia, na watoto wao hawakupata cha kuzika.