Victor Hess na Miale Itokayo Angani

Iko miale ambayo macho ya binadamu hayawezi kuiona. Mojawapo ni miale ya gama, yenye nguvu ya kupenya mbao, mwili wa mtu, hata bati la chuma. Katika somo hili tutasoma maisha ya Victor Hess, mwanasayansi aliyepanda angani kwa puto ili ajue miale yenye nguvu namna hiyo inatoka wapi.

Utoto na masomo

Victor Hess alizaliwa tarehe 24 Juni, 1883, katika jimbo la Styria, nchini Austria. Baba yake alikuwa bwana misitu. Hess alisoma katika mji wa Graz, akapata shahada ya udaktari mwaka 1906. Mwaka 1910 alianza kazi katika taasisi ya uchunguzi wa radiamu mjini Vienna. Radiamu ni elementi inayotoa miale mchana na usiku bila kuchochewa na kitu chochote.

Fumbo la elektroskopu

Wakati ule wanasayansi walikuwa na fumbo. Walitumia chombo kiitwacho elektroskopu. Ndani ya chombo hicho mna vipande viwili vyembamba vya metali. Vikitiwa chaji ya umeme, vipande hivyo husukumana na kuachana. Hewa kavu haipitishi umeme kwa urahisi, kwa hiyo ilitazamiwa kwamba vipande vingebaki vimeachana kwa muda mrefu. Lakini sivyo ilivyokuwa. Vilirudiana polepole, hata chombo kilipofungwa vizuri pande zote. Ilikuwa dhahiri kwamba miale fulani ilipenya ndani, ikaifanya hewa ipitishe umeme, na chaji ikapotea.

Je, miale hiyo ilitoka wapi? Wengi waliamini kwamba ilitoka ardhini, kwa kuwa miamba ina elementi zinazotoa miale. Kama ndivyo, mtu akipanda juu angeikuta imepungua. Mwaka 1910 padre mmoja Mjerumani, Theodor Wulf, alipima juu ya mnara wa Eiffel mjini Paris, wenye urefu wa mita 300 hivi. Miale ilipungua, lakini si kwa kiasi alichokitazamia. Hess akaona kwamba ubishi hauwezi kulimaliza jambo hili. Ilibidi mtu apande juu zaidi, akapime.

Safari za puto

Siku hizo kupanda kwa puto kulikuwa na hatari. Puto lilijazwa hidrojeni, gesi iliyo nyepesi kuliko hewa, lakini ishikayo moto upesi sana. Abiria walikaa ndani ya kikapu kilichoning'inia chini yake. Mwaka 1911 Hess alipanda mara mbili, na mwaka 1912 mara saba. Safari nyingine alizifanya usiku. Tarehe 17 Aprili, 1912, alipanda wakati wa kupatwa kwa jua. Mwezi uliifunika sehemu kubwa ya jua, lakini miale haikupungua. Hapo Hess akajua kwamba jua silo chanzo kikubwa cha miale hiyo.

Safari yake kubwa ilikuwa tarehe 7 Agosti, 1912. Muda mfupi baada ya saa 12 asubuhi puto lilipaa kutoka mji wa Aussig, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Kikapuni walikuwamo watu watatu: rubani, mtaalamu wa hali ya hewa, na Hess mwenyewe pamoja na elektroskopu zake tatu. Njia nzima Hess alisoma vipimo na kuviandika. Mwanzoni miale ilipungua kidogo, kama watu walivyotazamia. Lakini walipozidi kupanda, ilianza kuongezeka. Mwishowe walifika mita 5,350, kimo kinachokaribia kile cha kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895. Huko juu hewa ni hafifu, baridi ni kali, na mtu huchoka upesi. Hata hivyo Hess aliendelea kupima, akaona kwamba miale ya huko ilikuwa kiasi cha mara mbili ya ile ya chini. Adhuhuri puto lilitua salama nchini Ujerumani, si mbali na Berlin.

Jibu lilikuwa kinyume cha lile lililotazamiwa na wengi. Hess alitangaza kwamba miale hiyo inaingia katika hewa yetu kutoka juu, nje ya dunia. Wako waliotia shaka. Lakini mwaka 1914 Mjerumani Werner Kolhörster alipanda zaidi ya mita 9,000, naye akapata jibu hilo hilo. Baadaye miale hiyo ilipewa jina la miale ya kosmiki.

Tuzo na taabu

Mwaka 1936, yaani miaka 24 baada ya safari ile, Hess alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Carl Anderson wa Marekani. Lakini maisha yake hayakuwa ya raha tupu. Radiamu aliyoishughulikia ilimdhuru mkono, hata kidole gumba chake kimoja kikakatwa. Mwaka 1938 Wanazi wa Ujerumani waliitwaa Austria. Hess alifukuzwa kazi, na kwa kuwa mke wake alikuwa na asili ya Kiyahudi, maisha yao yakawa hatarini. Walikimbilia Uswisi, kisha wakaenda Marekani, ambako Hess alifundisha katika Chuo Kikuu cha Fordham, New York. Alifariki tarehe 17 Desemba, 1964, akiwa na umri wa miaka 81.

Swali aliloliacha

Hess alidhani kwamba alichokipima ni miale ya gama. Baadaye ilijulikana kwamba sehemu kubwa ya miale ya kosmiki ni chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme. Chembe hizo hupindishwa na nguvu za sumaku zilizoko angani, kwa hiyo ni vigumu kujua zilikoanzia. Miale ya gama ni sehemu ndogo tu, lakini haina chaji, nayo husafiri moja kwa moja. Aipokeaye aweza kujua imetoka upande gani.

Kwa sababu hiyo wanasayansi walijenga darubini kubwa nne barani Afrika, katika nyanda za juu za Khomas nchini Namibia. Ya tano iliongezwa mwaka 2012. Kwa kumheshimu Hess, darubini hizo ziliitwa HESS. Miale ya gama inapogonga hewa huko juu, hutokea mmweko hafifu wa buluu, na vioo vya darubini huukusanya mwanga huo.

Mwezi Julai, 2006, darubini za Namibia zilipokea miale mingi ya gama kutoka galaksi iitwayo PKS 2155-304. Galaksi ni kundi kubwa mno la nyota. Katikati ya galaksi hiyo mna shimo jeusi, yaani kitu chenye uzito mkubwa na nguvu ya uvutano isiyoruhusu hata mwanga kutoka. Miale ile haikutoka ndani ya shimo, bali katika mkondo wa chembe zinazorushwa kutoka kandokando yake kwa kasi kubwa. Iliongezeka na kupungua kwa muda wa dakika chache tu. Nayo ilikuwa imesafiri zaidi ya miaka milioni 1,000 kabla ya kufika Namibia.

Swali la Hess bado halijapata jibu kamili. Lakini njia ya kulitafuta ni ile aliyoifuata yeye: kupima kwa uangalifu, na kulikubali jibu hata likiwa kinyume cha matazamio.

Maswali

1. Kwa nini watu walidhani kwamba miale ingepungua mtu akipanda juu?
2. Kupatwa kwa jua kulimfundisha Hess jambo gani?
3. Tafuta tofauti kati ya kimo alichofika Hess na kimo cha kilele cha Kilimanjaro.
4. Kwa nini miale ya gama hutuonyesha ilikotoka, lakini chembe zenye chaji hazituonyeshi?
5. Eleza taabu mbili zilizompata Hess.