Mshika Mengi wa Unguja: Maisha ya Freddie Mercury

Wahenga walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu mwenye tamaa ya kufanya mambo mengi kwa wakati mmoja, na katika shughuli nyingi za binadamu onyo hilo lina mashiko. Hata hivyo, sanaa ya muziki ina watu wake ambao huonekana kuikaidi methali hiyo. Katika vijiji vya Bungoma na katika mashamba yaliyouzunguka mji wa Kitale, mchezaji litungu wa Kibukusu ni mmoja wao. Mtu huyo mmoja hucharaza nyuzi saba, huimba, hutunga papo kwa papo, husimulia historia ya koo, humsifu mkarimu na kumkejeli mchoyo. Hakuna amwulizaye iwapo yeye ni mwimbaji, mpiga ala au mtunzi, kwa kuwa jamii inamtambua kuwa fanani kamili.

Muziki wa roki uliochipuka Marekani na kukita mizizi Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960 ulielekea kuzigawa kazi hizo. Aghalabu mmoja aliimba, mwingine akapiga gitaa, mwingine akashika ngoma, na kila bendi ikajulikana kwa mtindo wake mmoja. Wachache waliweza kuivuka mipaka hiyo yote. Watangazaji wa kandanda humwita mchezaji wa namna hiyo kiraka, kwa maana kwamba popote atakapowekwa ataziba pengo. Kiraka mmoja mashuhuri kuliko wengi katika historia ya roki hakuzaliwa London wala New York, bali katika Mji Mkongwe wa Unguja. Huyo ni Farrokh Bulsara, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury. Maisha yake yanaipinga methali ya wahenga na kuithibitisha kwa pamoja: alishika mengi yasimponyoke, isipokuwa moja.

Farrokh alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi, yaani wafuasi wa dini ya Zoroasta ambao mababu zao walihama Uajemi karne nyingi zilizopita na kulowea Gujarat nchini India. Jina Bulsara lenyewe linatokana na mji wa Bulsar, ambao leo huitwa Valsad. Baba alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu ya Zanzibar chini ya utawala wa Waingereza. Kisa cha familia hii hakiko mbali sana na kile cha Wahindi walioiandama reli hadi magharibi mwa Kenya wakafungua maduka Bungoma na Kitale. Wote walivuka bahari kutafuta riziki, wakazaa watoto ambao mahali pa kwanza kupajua palikuwa Afrika Mashariki.

Mji huo ulikuwa mji wa sauti nyingi. Adhana, kengele za makanisa, taarabu na nyimbo za filamu za Kihindi vilisikika katika vichochoro vile vile. Siti binti Saad, ambaye wanafunzi wa Kiswahili humfahamu kupitia wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, alikuwa hai bado, maana aliaga dunia mwaka 1950. Mnamo 1928 Siti alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri. Zaidi ya miaka 25 baadaye, Farrokh naye alivushwa bahari ile ile. Akiwa na umri wa takribani miaka minane alipelekwa katika shule ya bweni ya St. Peter's iliyoko Panchgani, kusini-mashariki mwa Bombay.

Huko Panchgani ndiko alikojifunza piano, na ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Mwaka 1958 yeye na wanafunzi wengine wanne waliunda bendi waliyoiita The Hectics, wakawa wanaiga nyimbo za roki zilizovuma wakati huo. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwimbaji mkuu wa bendi hiyo hakuwa yeye. Farrokh alikuwa mpiga piano. Sauti iliyokuja kuutikisa ulimwengu ilikaa nyuma ya ala kwa miaka kadhaa, na pengine ndiyo sababu baadaye alitunga kama mtu aliyeujua wimbo kwa vidole kabla ya kuujua kwa koo.

Alirejea Unguja mwaka 1963, akasoma kwa muda mfupi katika shule ya St. Joseph's. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakatokea. Familia ya Bulsara, sawa na familia nyingi za asili ya Kiarabu na Kihindi, ilikimbia, ikafikia Feltham, kitongoji kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Farrokh alikuwa na umri wa miaka 17. Katika miaka iliyofuata alipakia na kupakua mizigo ya abiria Heathrow, akauza mitumba katika soko la Kensington, na akasomea usanifu wa michoro katika Chuo cha Sanaa cha Ealing, ambako alihitimu mwaka 1969.

Mwaka 1970 alijiunga na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor. Yeye ndiye aliyeipa bendi hiyo jina la Queen, yaani Malkia, na wakati huo huo akalitupa jina la Bulsara na kujiita Mercury. Mwaka 1971 walimpata mpiga gitaa la besi, John Deacon, na tangu hapo kikosi hakikubadilika katika uhai wake. Aidha, elimu ya Ealing haikupotea bure. Nembo ya Queen aliichora kwa mkono wake mwenyewe: simba wawili, kaa mmoja na visura wawili, wakiwa ishara za nyota za wanabendi wote wanne, na juu yao ndege wa hekaya ambaye huungua akafufuka kutoka katika majivu yake.

Albamu za mwanzo za Queen, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1973, zilielemea kwenye roki ya progresivu. Huu ni mkondo wa roki uliopenda nyimbo ndefu zenye sehemu kadhaa, mabadiliko ya ghafla ya mapigo, na ufundi wa kupanga sauti uliokaribiana na muziki wa okestra. Katika albamu ya Queen II ya mwaka 1974, Mercury alitunga The March of the Black Queen, utungo wa zaidi ya dakika sita unaorukia kutoka hali moja hadi nyingine kama msimulizi anayebadili sauti kwa kila mhusika.

Mazoezi hayo yalizaa Bohemian Rhapsody mwaka 1975. Wimbo huu hauna kiitikio. Huanza kwa sauti tupu zilizopangwa, ukaingia katika maombolezo yanayoandamana na piano, ukageuka opera, ukalipuka kuwa roki nzito, kisha ukanyamaza taratibu. Kwaya kubwa isikikayo katika sehemu ya opera si kwaya, bali ni watu watatu, Mercury, May na Taylor, waliorekodi sauti zao tena na tena kwa siku nyingi na kuzipanga moja juu ya nyingine. Katika sehemu hiyo hiyo mna neno moja la Kiarabu ambalo Mswahili hulitamka anapoanza kula au kusafiri. Wimbo ulikaribia dakika sita wakati ambapo redio zilipendelea nyimbo za dakika tatu, lakini ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma tisa.

Mwandishi wa wimbo kama huo angeweza kuutegemea mtindo wake kwa maisha yake yote. Mercury hakufanya hivyo. Mwaka 1976 alitunga Somebody to Love kwa kufuata nyimbo za injili za Wamarekani weusi. Mwaka 1977 akatoa We Are the Champions, ambao hadi leo huimbwa viwanjani timu zinapotwaa vikombe. Mwaka 1979 alichukua gitaa, ala ambayo hakuiweza sana, akatunga Crazy Little Thing Called Love kwa mtindo wa roki ya miaka ya 1950, na wimbo huo ukaongoza chati za Marekani mwaka 1980. Katika mwaka uo huo wa 1979 alipanda jukwaani pamoja na wachezaji wa bale wa Royal Ballet. Kisha mwaka 1988 alitoa albamu ya Barcelona pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji mkuu wa opera wa Uhispania. Sauti iliyozibeba kazi hizo zote ilikuja kuchunguzwa na wanasayansi, ambao mwaka 2016 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kwa maumbile huenda alikuwa na sauti ya kati, ingawa aliimba kwa wepesi katika sauti ya juu.

Ilivyo ni kwamba hakuyashika mambo hayo yote kwa vidole viwili. Kila mtindo alioujaribu aliuingia kama mwanafunzi na kutoka kama fundi. Hapo ndipo methali inapokosa nguvu, kwa kuwa inamlenga mtu anayegawanya bidii yake, si yule anayeirudia upya kwa kila kazi.

Kipaji hicho hakikumkinga na makosa. Mnamo Oktoba 1984 Queen walitumbuiza Sun City, katika Bophuthatswana, wakati wasanii wengi duniani walikuwa wameisusia Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walilaumiwa vikali, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini. Kwa mtu aliyezaliwa katika ardhi ya Afrika, doa hilo halifutiki kwa urahisi. Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, bendi ilipanda jukwaa la Wembley katika tamasha la Live Aid lililokusanya fedha za kuwasaidia waathiriwa wa njaa nchini Ethiopia. Kwa muda wa takribani dakika 20, Mercury aliwaongoza watu wapatao 72,000 kwa sauti na ishara za mkono, akiita nao wakiitika, kama aongozavyo manju katika ngoma yoyote ya Kiafrika.

Mwaka 1987 alipimwa na kupatikana na Ukimwi. Alilificha jambo hilo kwa miaka minne, huku akiendelea kurekodi hata miguu ilipokuwa haimhimili tena. Waliomtunza katika siku za mwisho ni pamoja na Jim Hutton, mwandani aliyeishi naye, na Mary Austin, aliyekuwa mchumba wake zamani na ambaye alimrithisha nyumba yake. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa tangazo la kukiri ugonjwa wake. Siku iliyofuata alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 45. Makasisi wa Kizoroasta waliendesha mazishi yake, na mwili ukachomwa.

Kimya hicho cha miaka minne si kigeni kwa watu wa magharibi mwa Kenya. Katika miaka ya 1990, barabara kuu iendayo Malaba kupitia Webuye na Bungoma ilipitisha malori mchana na usiku, na maradhi yakasafiri nayo. Familia nyingi zilizika vijana wao zikisema tu kwamba waliugua kwa muda mrefu. Serikali ya Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, miaka minane baada ya kifo cha Mercury. Rafiki zake walianzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust mwaka 1992, ukafadhili vita dhidi ya Ukimwi katika nchi nyingi. Ndege aliyemchora ujanani amewafaa wasiowahi kuusikia wimbo wake.

Lililomponyoka, basi, ni kwao. Jina alilozaliwa nalo alilitupa, na utoto wake wa Unguja aliugusia kwa nadra mno, hata si wachache katika Afrika Mashariki waliomdhania kuwa Mzungu. Unguja nayo haikumkumbatia kwa urahisi. Mwaka 2006, sherehe iliyopangwa ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa na kikundi cha kidini, ikafutwa. Ni mwaka 2019 ndipo jumba la makumbusho yake lilipofunguliwa Shangani, katika Mji Mkongwe.

Mchezaji litungu wa Bungoma, hata awe na umaskini wa namna gani, huyajua majina ya mababu za wale anaowaimbia, na wao hulijua lake. Freddie Mercury aliimbiwa na kuitikiwa na maelfu ya watu, lakini wachache sana kati yao walijua ametoka wapi. Mtoto akitupa jina lake, na mji wake ukamkana, hasara ni ya wote wawili. Kumwandika kwa Kiswahili, lugha ya mji aliozaliwa, ni namna mojawapo ya kuipunguza hasara hiyo.