Siti na Kitabu Chake

Marehemu Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililotangaza unyonge wa wazazi wake. Alichuuza vyungu vya mamaye akivinadi kwa kuimba, na sauti hiyo hiyo ikamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Wenye kumbeza hawakukosekana. Alifariki mwaka 1950.

Santuri huchakaa. Tunaoishi leo twamjua Siti zaidi kwa sababu Shaaban Robert, mshairi mwenye shughuli zake nyingi, aliona maisha ya mwimbaji yastahili kitabu, akauandika wasifu wake, ukachapishwa mwaka 1958. Mbaruku na Budda, waliopiga ala kando yake, kitabu chao hatujakiona madukani.