Mwami Rudahigwa na Kamba ya Ng'ombe

Ndugu wakatekumeni, huko Rwanda, ng'ambo ya Ziwa Kivu, Mwami Mutara Rudahigwa alitawala tangu 1931. Kwa desturi, ng'ombe wote walikuwa wa mwami. Wakubwa walipewa naye, nao waliwakopesha wadogo. Aliyepokea ng'ombe alimtumikia bwana wake, akimchukiza, alinyang'anywa. Mapatano hayo yaliitwa ubuhake. Hivyo kamba ya ng'ombe ilimfunga na mtu pia.

Mwami alibatizwa tarehe 17 Oktoba 1943. Mwaka 1946 aliiweka nchi yake chini ya Kristu Mfalme. Aliyemkiri Mfalme aliye juu yake, angewezaje kuridhika watu wafungwe kwa kamba? Tarehe 1 Aprili 1954, pamoja na Baraza Kuu la nchi, aliamuru ubuhake ukome: ng'ombe wagawanywe, mtumishi apate theluthi mbili, bwana theluthi moja.

Lakini malisho yalibaki mikononi mwa mabwana. Mwenye ng'ombe asiye na majani alirudi kuomba. Mwami alikufa Usumbura tarehe 25 Julai 1959, kazi haijaisha.

Nasi wa Masisi na Walikale tujiulize: nikiifungua kamba ya ndugu yangu, je, namwachia na malisho?