Muuza viatu aliyetoa baruti mikononi mwa watoto

Wengi wetu tuliona ile video ya roketi ya Wakongomani, Troposphère, iliyorushwa pale Menkao, pembeni ya Kinshasa, na injinia Jean-Patrice Keka na wenzake. Ilikuwa kati ya 2007 na 2009. Ya namba 5 ilibeba panya ndani, na haikwenda vile walitaka. Tangu wakati ule watoto wetu, ikuwe Rubaya ao upande wa Walikale, hawachoki kuuliza namna roketi inapanda. Kijana moja alitaka kupata jibu mwenyewe. Alichukua kipande cha bomba la chuma, akajaza baruti iliyobaki kwenye shimo la baba yake, akakanyagia kwa msumari. Carrière gani, hatutaitaja. Leo anaandika kwa mkono wa kushoto.

Juu ya huyo kijana tunaleta leo maisha ya mzee moja wa Marekani, Orville Carlisle. Kwa watu wanaorusha roketi ndogo za kuchezea, dunia nzima, jina lake halina haja ya kuelezwa. Kwetu bado halijafika.

Hakuwa mwanasayansi. Alikuwa na duka la viatu katika mji mdogo unaoitwa Norfolk, jimbo la Nebraska, nchi ya tambarare, mahindi na ng'ombe. Kazi ya mchana ilikuwa kupima miguu ya watu. Lakini kitu alichopenda ni fataki, zile za kuwasha siku ya sikukuu. Hakucheza nazo ovyo: alijifunza, akapata ruhusa ya serikali, akajua kila unga unawaka namna gani. Ndugu yake Robert alipenda ndege ndogo za mbao. Robert alikuwa anafundisha watu namna roketi inavyoruka, na alikosa kitu cha kuwaonyesha. Njo hapo, mwaka 1954, Orville alimtengenezea kiroketi cha karatasi na mbao nyepesi, chenye parashuti ndani. Alikiita Rock-A-Chute.

Akili yenyewe iko kwenye motor, na hapa mchimbaji ataelewa mbio kuliko profesa. Sisi tukitoboa mwamba tunaingiza baruti, kisha tunaziba mdomo kwa udongo, tunashindilia, ili nguvu ikose njia na ipasue jiwe. Motor ya Carlisle ni shimo lile lile, ila limefanywa kwa karatasi ngumu iliyozungushwa, upana wa kidole gumba. Udongo uko pia, umeshindiliwa mdomoni, lakini katikati yake kumeachwa katundu kadogo. Moshi wa moto unatoka pale kwa kasi kuelekea nyuma, bomba linasukumwa mbele. Ziba kale katundu, umepata bombe. Na kama bomba ni la chuma, umepata grenade. Kijana wetu alitengeneza grenade bila kujua.

Baruti ya ndani hawaimwagi tu. Inakandamizwa mpaka inakuwa ngumu kama jiwe, juu ikiwa imelegea inawaka yote mara moja, lakini ikikandamizwa inaliwa pole pole, safu kwa safu. Juu yake kuna unga mwingine wa kuchelewa, hausukumi, unatoa moshi tu wakati kiroketi bado kinapanda kwa mwendo wake. Moto ukimaliza ule unga unakutana na baruti kidogo iliyolegea, nayo inasukuma kichwa cha kiroketi kwa nje, parashuti inafunguka. Kinashuka kizima. Unatoa motor iliyokwisha, unaingiza ingine, unarusha tena. Vipimo vya ule mchanganyiko hatuviandiki hapa, na hata Carlisle hakutaka mtoto avijue. Alitaka mtoto apokee motor iliyokwisha kufungwa na mtu anayejua kazi, asiguse unga hata siku moja.

Hii inatukumbusha mtu mwingine, William Bickford wa Cornwall, Uingereza, ambaye mwaka 1831 alileta utambi wa usalama, kamba yenye baruti katikati inayowaka kwa mwendo unaohesabika. Kabla yake wachimbaji wa kule waliwasha baruti kwa nyasi na manyoya yaliyojazwa unga, na walikufa wengi. Bickford alikuwa muuza ngozi. Mmoja ngozi, mmoja viatu! Wote wawili hawakuteremka shimoni kutafuta mkate.

Mwanzo wa 1957 Carlisle alisoma katika gazeti maandishi ya G. Harry Stine, aliyefanya kazi ya usalama kwenye kiwanja cha roketi cha jeshi, White Sands. Stine alieleza jinsi watu wa kazi wanavyojilinda. Vijana walikuwa wanamwandikia wakitaka kujua namna ya kutengeneza roketi, na yeye aliogopa kuwajibu. Carlisle akamtumia kifurushi chenye viroketi vyake na motor zake. Stine alivirusha, akaona jibu liko mkononi.

Mwezi wa 10 mwaka ule Warusi walirusha Sputnik. Homa ikashika vijana wa Marekani: mabomba ya chuma, vichwa vya viberiti, unga wa kila aina. Vidole vilikatika, macho yalipofuka, wengine walikufa. Stine alianzisha kampuni ya kuuza viroketi vya Carlisle, na chama cha warushaji pia. Katika kile chama namba 1 alipewa muuza viatu, Stine mwenyewe akabaki na namba 2. Hapo tunamheshimu, wakubwa wengi hawangefanya vile. Desturi ikawa kuwasha kwa waya na betri, mtu akiwa amesimama mbali, hakuna kuinama na kiberiti.

Motor zilikuwa zinajazwa kwa mkono na hazikutosha. Stine akatafuta mtu wa fataki mjini Denver, akampata kijana Vern Estes. Estes alijenga mashine, akaiita Mabel. Kuanzia 1959 ilitoa motor moja kila sekunde 5 na nusu. Mwaka 1961 alihamisha kiwanda kwenda Penrose, Colorado, na mashine ilikandamiza unga nyuma ya ukuta, mbali na mwili wa mfanyakazi. Kwetu anayejaza ni yule yule anayewasha, na utambi anaukata mfupi juu anahesabu franga. Tumelisema hili kwenye mikutano mingi, na wanaonunua mawe yetu wanatazama saa.

Carlisle alipata hati ya ugunduzi wake mwezi wa 7 mwaka 1958. Hakuhama. Aliendelea kuuza viatu Norfolk, akikusanya fataki za zamani, mpaka alipokufa mwaka 1988. Kiroketi chake cha kwanza kinatunzwa Washington, katika musée ya ndege na roketi.

Tulimsomea yule kijana haya kabla ya kuyapeleka gazetini. Aliuliza kitu kimoja: ile motor ya karatasi inauzwa bei gani. Tumezunguka maduka ya Goma, hatujaiona.