Sheikh Farsy alianza na chaki

Kila mwaka vijana wanaomaliza chuo, wengine pale Mkwawa Iringa, wengine hapa Mbeya, hunijia kuuliza washike kazi gani. Wengi wamesomea ualimu na wanasubiri ajira ya serikali huku bodaboda ikiwalisha. Wapo wanaoamini kuwa mtu akiingia serikalini ameipa dini kisogo. Wapo pia wanaoamini kuwa elimu ya dini haina pa kwenda. Mimi huwaeleza habari za Sheikh Abdallah Saleh Farsy (Allah amrehemu). Tafsiri yake ya Qur'an wanaiona misikitini, lakini mwenyewe wanamdhania alizaliwa akiwa Kadhi!

Sheikh alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma skuli ya serikali, akapitia mafunzo ya ualimu, na mwaka 1933 akaanza kufundisha watoto wa skuli za msingi. Alikuwa mwalimu wa mshahara, tena chini ya serikali ya kikoloni. Hata hivyo, mshahara haukumtoa kwenye darsa za wanazuoni, mmojawapo Sayyid Umar bin Sumait.

Ndugu msomaji, hebu tuhesabu. Tangu 1933 mpaka 1960, alipoteuliwa kuwa Kadhi wa Zanzibar, ni miaka 27. Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa skuli: mwalimu, mkaguzi, kisha mwalimu mkuu. Vijana wetu mwaka wa pili tu wamekwishakata tamaa. Na ni katika kipindi hicho hicho cha chaki na ukaguzi ndipo alipoandika vitabu vya dini kwa Kiswahili chepesi, na akaanza kuitafsiri Qur'an kidogo kidogo. Haja ilikuwepo kwelikweli. Tafsiri zilizotangulia zilikuwa ya Padri Godfrey Dale ya mwaka 1923 na ya Makadiani ya mwaka 1953, na Waislamu wengi hawakuridhika nazo. Kazi hiyo hakuna aliyeitangaza gazetini kuwa ni nafasi ya ajira. Qurani Takatifu ilitoka kamili mwaka 1969, ikachapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi.

Wala njia yake haikunyooka. Yalikuja Mapinduzi ya 1964, na mwaka 1967 akahamia Kenya. Umri wake miaka 55, wakati ambao wafanyakazi wengi huanza kuulizia pensheni. Mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akishika nafasi ya Sheikh Muhammad Kassim Mazrui.

Akiwa katika wadhifa huo, mwaka 1972 alitoa kitabu cha maisha ya wanazuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, wakiwemo masheikh waliomsomesha. Alifariki Muscat, Oman, Novemba 1982.