Daktari wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani

UKIWAULIZA wafanyabiashara wa hapa Oraba Denis Burkitt alikuwa nani, wengi watatikisa kichwa. Jina ni la kigeni na mwenyewe alifariki dunia Machi 1993. Hata hivyo sisi watu wa West Nile tuna deni kwake, na mimi binafsi humkumbuka kila ninaposikia mtu akisema kwamba tumbo la marehemu fulani lilijaa maji kwa sababu ya uchawi.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya aliyependa sana ndege. Aliwavisha pete miguuni ndege wadogo wa bustanini, kisha akachora ramani kuonyesha kila mmoja anaishi wapi. Mtoto alikua akiiona kazi hiyo. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe na wavulana wenzake, akapoteza jicho moja.

Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni barani Afrika, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomleta Kenya na Somalia kama daktari wa jeshi. Mwaka 1946 aliomba tena, akakubaliwa, akapangiwa Lira, hapa Uganda.

Huko Lira aligundua jambo ambalo wengine wangelipita tu. Wanaume wenye busha walikuwa wengi mashariki mwa wilaya na wachache sana magharibi. Daktari mwingine angepasua na kuita mgonjwa anayefuata. Burkitt alimuuliza kila mmoja anatoka wapi, akachora ramani kama baba yake.

Baadaye alihamishiwa Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Wiki chache baadaye akiwa Jinja alimwona mtoto mwingine wa namna hiyo hiyo. Akapekua kumbukumbu za hospitali, akatuma picha na maswali kwa hospitali za serikali na za misheni katika nchi nyingi za Afrika. Swali kuu lilikuwa lile lile la Lira: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo?

Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu akiwa na madaktari wawili. Mmoja wao alikuwa Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, pale pale karibu na Arua, mtu aliyesifika kwa kutunza vizuri kumbukumbu za wagonjwa wake. Kwa wiki kumi walisafiri kilomita zipatazo 16,000 hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakipita hospitali zaidi ya 50. Waligundua kwamba uvimbe ule ulikuwa mwingi penye joto na mvua na haukuonekana kwenye milima yenye baridi. Ramani yake ilifanana na ya malaria.

Mwaka huo huo mtafiti Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia London. Aliomba vipande vya uvimbe, vikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakaona ndani yake kirusi kipya. Kuanzia mwaka 1972 watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu ili kupima uhusiano huo. Huenda baadhi ya wasomaji wenye miaka zaidi ya 50 ni miongoni mwao. Damu ya watoto hao ilisaidia kuonyesha dunia kwamba saratani inaweza kuanzia kwenye kirusi.

Burkitt hakuishia kwenye taya. Kabla ya kuondoka Uganda mwaka 1966, yeye na Profesa Michael Hutt wa Makerere walizifuatilia hospitali za vijijini Afrika Mashariki, wakizitaka ziwaeleze kila saratani waliyoiona. Saratani ya ini ilikuwamo. Hutt na wenzake wakaenda mbele zaidi. Walipima sampuli 480 za vyakula kutoka sehemu mbalimbali za Uganda, na matokeo yakatangazwa mwaka 1971. Karibu sampuli 30 katika kila 100 zilikuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi, maharage na karanga zisizokauka vizuri. Karamoja, ambako sumu ilionekana mara nyingi zaidi, ndiko saratani ya ini ilikokuwa nyingi zaidi.

Katika miaka hiyo hiyo, Mmarekani Baruch Blumberg aligundua kirusi cha homa ya ini aina ya B. Kirusi hiki kinaweza kukaa kwenye ini miaka 20 au 30 bila maumivu, huku kikiliharibu. Kikikutana na sumukuvu ndani ya mtu mmoja, hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi.

Hapa ndipo habari hii inapoingia nyumbani kwangu. Mimi ni mtoto wa ukimbizini. Nilisoma upande wa Zaire, tukarudi, na marehemu baba akaanza biashara ya nafaka hapa mpakani, akivusha magunia kwenda Kaya. Mwaka 2012 alianza kukonda. Kituo kimoja kilimpa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi. Ndugu wakamtafuta aliyemroga, mbuzi wakauzwa, majirani wawili wakaacha kusalimiana nasi hadi leo. Alipofikishwa kwenye hospitali kubwa, ini lilikuwa limekwisha.

Mwaka 2015 serikali ilianza kuwapima na kuwachanja watu wazima dhidi ya homa ya ini B, ikianzia kaskazini mwa nchi, West Nile ikiwamo. Nilikwenda na mdogo wangu. Yeye hakuwa nayo, akachanjwa. Mimi nilikuwa nayo. Usiku ule sikulala. Nilidhani nimehukumiwa kifo, na kwa muda nilitenga kikombe changu nisiwaambukize watoto.

Nilikosea. Kirusi hiki hakiambukizwi kwa kikombe, sahani wala kupeana mikono. Kinapita kwenye damu, kujamiiana, wembe na sindano za kuchangia, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Si kila mwenye nacho anahitaji dawa, lakini kila mmoja anahitaji kufuatiliwa. Mimi hupimwa ini kwa damu na kwa picha kila miezi sita, ili saratani ikija ionekane ikiwa bado ndogo.

Ndugu msomaji, watoto wachanga wa Uganda walianza kupata chanjo hii mwaka 2002, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Maana yake ni kwamba wengi tuliozaliwa kabla ya hapo, ukimbizini au nyumbani, hatukuipata utotoni. Mtu mzima huchanjwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Sisi watu wa mpakani ndipo tunapoanguka. Sindano ya kwanza tunachomwa Koboko, ya pili inatukuta Yei, ya tatu tunaisahau. Tunza kadi yako kama unavyotunza kitambulisho, urudi umalizie. Mama mjamzito aombe kupimwa mapema.

Na wenzangu wa nafaka: anikeni juu ya turubai na si juu ya udongo, pangeni magunia juu ya mbao, na punje zenye ukungu zitupwe. Kuzisaga hakuondoi sumu, wala kupika hakuiondoi.

Burkitt alikuwa na jicho moja, lakini alijua kuuliza ugonjwa unatoka wapi. Laiti nasi tungeuliza hivyo mwaka 2012, badala ya kuuliza ni nani aliyemroga mzee.